Yadi Kumi na Tano

Chuo cha Mlima Tirza, Alabama
3 Oktoba 1909

Dada Zipporah,

Mimi mzima, isipokuwa pua. Imehamia kidogo upande wa kushoto lakini bado inavuta hewa, na Bwana Tolliver amenitengenezea kikinga cha kuifunika nikiwa uwanjani. Kwa hiyo usianze kujibu kabla hujamaliza kusoma.

Jana tulicheza na vijana wa ghala la pamba mjini, tukawashinda. Leo wenzangu wamepiga kura wakanichagua nahodha. Najua kwako neno hilo halinunui sabuni, ila hapa lina uzito. Katika mchezo wetu huu wa kukimbia na mpira mikononi na kuangushana, mwalimu haruhusiwi kutoa neno akiwa kando ya uwanja. Mtu wa upande wetu akifungua mdomo kutuelekeza, mwamuzi anauchukua mpira na kuturudisha nyuma yadi kumi na tano, jasho letu lote limekwenda bure. Basi Bwana Tolliver, ambaye wiki nzima anatufundisha uhunzi kwa sauti ya kuamsha wafu, siku ya mechi anakaa anatafuna ukingo wa kofia. Mwenye sauti ni mimi peke yangu. Hebu fikiria, mimi, uliyekuwa unanifunga kitambaa mdomoni kanisani.

Nguo zetu zimeshonwa na wasichana wa darasa la cherehani, kwa kile kitambaa cha mistari cha magodoro. Mwaka jana Chuo cha Bethabara walituita magodoro, wakatulalia kweli. Wametushinda miaka mitatu mfululizo. Siku ya Shukrani, mwishoni mwa Novemba, wanakuja hapa kwetu, na kwangu ndiyo mara ya mwisho, kwa sababu Mei napata cheti. Nikishakuwa mwalimu nitavaa tai na sitaruhusiwa kumwangusha mtu. Niache nimwangushe sasa.

Mdogo wako mwenye pua mpya,
Leander

*

Sardis, Alabama
10 Oktoba 1909

Leander,

Nimemaliza kusoma ndipo naandika, kama bwana nahodha alivyoagiza.

Pua hiyo ilikuwa ya mama. Hakutuachia shamba wala nyumba, alituachia pua, nawe umeipeleka ikagongwe na wachukuzi wa pamba. Hongera sana. Wanaume wazima ishirini na wawili wanagombania kitu chenye umbo la boga, kisha jioni wanakandwa kwa maji ya moto. Mimi boga nikilitaka nakwenda kulichuma.

Sasa sikiliza, nimeacha utani. Shule ya hapa bado imefungwa tangu mwalimu alipohamia Birmingham. Watoto wa kina Upshaw wanashinda mashambani, na yule mdogo, Ruthie, juzi alishika gazeti juu chini akaniambia anasoma. Shemasi Upshaw aliandikia kaunti, na kaunti imejibu kwamba itamlipa mwalimu yeyote wa watu wetu mradi ana cheti. Cheti, Leander, hawakutaja mpira. Jina lako limekwisha kutajwa mbele ya kanisa zima. Kila shati ninalopiga pasi hapa nalipiga kwa ajili ya karatasi ile. Cheza basi, ila ukivunja shingo usije kwangu, nenda kwa huyo Tolliver akaiunge kwa moto.

Nimekuwekea mkate wa viazi vitamu kwenye kopo. Usigawe wote.

Dada yako,
Z.

*

Mlima Tirza
31 Oktoba 1909

Dada,

Mkate ulifika na uliliwa na watu kumi na mmoja. Nahodha hali peke yake.

Tumeshinda mechi mbili tena. Ya pili ilikuwa ugenini, tukaenda na treni kwenye behewa letu watu weusi, lile linalofuata injini na moshi wake, tukafika weusi kuliko tulivyozaliwa. Wenyeji wakatucheka mpaka mchezo ulipoanza. Habari hizo ndizo nzuri, na zimeishia hapo.

Ijumaa Mwalimu Mkuu Lattimore alitukusanya kanisani. Siku ya Shukrani watakuja Wazungu wa Kaskazini, wafadhili, na wakipendezwa wataezeka bweni la wasichana. Akasema mechi imefutwa. Mmoja wa wageni hao amewahi kuandika kwamba mpira unaua, na kwamba kijana mweusi anahitaji jembe na si michezo ya waungwana. Kwa hiyo siku hiyo sisi kumi na mmoja, kwa kuwa tuna miili mizuri, tutavaa ovaroli, tutashika majembe jukwaani na kuimba. Majembe, dada, ndani ya kanisa. Tungelima nini humo?

Nilisimama nikauliza kwa adabu kama tunaweza kuimba asubuhi na kucheza mchana. Akasema, "Gaines, atakayeonekana uwanjani siku hiyo atarudi kwao bila cheti."

Jioni tulikutana kwenye tanuri la matofali. Matofali ya chuo hiki tunayafinyanga sisi, bweni hilo lenyewe ni sisi tuliolijenga, kwa hiyo pale ni kama kwetu. Nilitaka kila mtu aseme la moyoni. Wote wamesema tucheze. Bethabara wanakuja vilevile, tutakutana nao kwenye uwanja wa maonyesho wa watu wetu karibu na stesheni.

Najua utasema mkono usioweza kuukata ubusu. Nimeubusu huu miaka minne, dada, na midomo imechoka. Usimwambie mtu.

Leander

*

Sardis
4 Novemba 1909

Kwa Mheshimiwa Mwalimu Mkuu Hosea Lattimore,

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni Zipporah, dada yake Leander Gaines wa mwaka wa mwisho. Nisamehe kwa mwandiko, mikono yangu imezoea maji kuliko kalamu.

Nakuandikia bila yeye kujua. Vijana wako wamekubaliana kucheza ule mpira Siku ya Shukrani pamoja na kwamba umewakataza. Watacheza uwanja wa maonyesho. Nakuomba kwa unyenyekevu usimfukuze mdogo wangu. Mzuie tu. Wafungie nguo zao na viatu vyao kabatini, kijana hawezi kucheza mchezo ule kwa nguo ya kawaida, watamrarua. Atanuna wiki mbili kisha atapata cheti, na watoto wa huku watapata mwalimu. Hana ubaya, ana kichwa kigumu tu, na kwetu ni ugonjwa wa ukoo.

Mungu akubariki kwa kazi yako.

Zipporah Gaines, mfuaji

*

Ofisi ya Mwalimu Mkuu
Chuo cha Mlima Tirza
9 Novemba 1909

Binti Gaines,

Nimepokea barua yako, na ninakushukuru. Nimefanya kama ulivyoshauri: mavazi yote yamo ofisini mwangu na ufunguo umo mfukoni mwangu. Leander hataadhibiwa iwapo mambo yataishia hapo.

Ningependa unielewe. Chuo hiki nilikianzisha ndani ya kanisa lililoungua nusu. Kila dirisha unaloliona nililiomba kwa mtu ambaye hangekula meza moja nami. Nimeinama miaka ishirini ili vijana hawa wasimame, na sikubali dakika sabini za kuangushana zibomoe nilichokijenga. Wageni wetu wanaogopa nguvu za vijana wetu. Wakiziona zimeshika jembe, wanafungua mikoba yao. Siyo haki, lakini ndivyo ilivyo.

Barua yako imenipa wazo. Wageni wangeguswa sana kumwona mwanamke mwaminifu wa tabaka lako. Ninaambatisha tiketi ya treni. Uje na vazi lako la kazi, aproni na kilemba, wala usijipambe, tena uje na ndoo na ubao wako wa kufulia. Utasimama jukwaani nyuma ya waimbaji ukifua, na nitakapokupa ishara utasema maneno haya: "Chuo hiki kimemfundisha ndugu yangu kujua mahali pake." Hayo yanatosha. Tafadhali yakariri.

Wako katika utumishi,
H. Lattimore

*

Mlima Tirza
14 Novemba 1909

Zipporah,

Nguo zimefungiwa, na viatu vyenye meno pia. Tulikaa siku mbili tukitazamana kwa macho ya wizi, kila mmoja akimshuku mwenzake. Nilikaribia kumpiga Amzi Crutcher, ambaye hajawahi kunidanganya hata siku moja. Nikaenda kwa Mwalimu Mkuu nikamwambia aniadhibu mimi badala ya kuwafanya wenzangu wauane kwa shaka. Ndipo akasema jina lako. Alilisema kwa upole, kana kwamba ananipa pole ya msiba.

Nilimwomba Amzi radhi mbele ya wote. Sikuwaambia ni nani. Niliwaambia tu kwamba aliyesema hayumo humu na asitafutwe.

Sikuiti msaliti kwa sababu mama angenifufukia. Ila naumia. Ungeniandikia mimi, ungenitukana mimi, ningevumilia. Umekwenda kumshika mkono yule anayenivisha ovaroli.

Tutacheza. Wasichana wa cherehani wanatushonea nguo nyingine za magunia ya unga. Bwana Tolliver hajasema kitu, lakini jana karakana ilikuwa wazi na misumari ya viatu imemwagwa mezani kama kwa bahati mbaya.

Leander

*

Sardis
18 Novemba 1909

Leander,

Ndiyo, niliandika. Sikuandikiwa na mtu wala sikulewa. Niliandika kwa sababu nakupenda na kwa sababu Ruthie Upshaw anasoma gazeti juu chini, na leo ukinirudisha siku ile ningeandika tena. Nimekulea tangu ukiwa unatambaa, hutanifundisha lini nikuogopee. Kama umeumia, kunywa maji.

Hayo ni ya kwanza. La pili ni hili.

Mkuu wako amenijibu. Ameniletea tiketi. Anataka nije nisimame jukwaani nifue. Mbele ya watu, Leander, ndoo tupu au yenye maji sijui, nifue nguo ambazo hazina mwenyewe, kisha niseme umefundishwa kujua mahali pako. Amenipa na maneno, niyakariri. Mwanamke wa tabaka langu, kasema.

Niliisoma nimesimama, nikaisoma nimekaa. Mimi sioni haya kufua. Nimefua tangu nina miaka tisa, na hakuna shati la jaji wala la mchungaji katika Sardis ambalo sijui doa lake. Lakini nafua ili nguo zitakate na wewe usome. Sijawahi kufua ili mtu anitazame anione mwema. Nikajiuliza, mimi hasira inanipanda kwa ndoo moja, na huyu mtoto amepewa jembe aimbe nalo. Nilikuwa nadhani unapigania boga.

Usidhani nimekuunga mkono. Bado nataka cheti na bado naogopa. Ila kanisani hawataniona. Nitakuja na gauni langu la Pasaka na ile kofia yenye bawa la kware, nitakaa uwanjani mahali pa kuona vizuri. Na tiketi yake nitaitumia, sioni reli imekosa nini.

Mle vizuri siku hiyo. Mtu mwenye njaa huangushwa upesi.

Z.

*

Sardis
27 Novemba 1909

Leander,

Nilifika salama. Nasikitika sikuweza kungoja mwisho, treni haimsubiri mtu wa behewa letu. Najua hukuona yaliyotokea kando, ulikuwa chini ya rundo la watu. Acha nikueleze.

Kwanza niseme, nilikuwa sijui. Nilipokuona umepiga kelele zile namba zako za kuwaelekeza, na wenzako wote kumi wakaondoka kwa pamoja kama mlango mmoja, nilisimama juu ya benchi bila kujijua. Bethabara walipopita wakauweka mpira nyuma ya mstari wenu na kuupiga katikati ya milingoti, nililaani kwa maneno ambayo sikujua ninayo. Mama mmoja wa upande wao akaniambia, "Dada, leo ni Siku ya Shukrani," nikamwambia nitashukuru baadaye. Kisha nanyi mkavuka, yule Amzi wako akaingia na mpira na watu watatu mgongoni. Mkwaju wa nyongeza mkaukosa. Nikahesabu kwa vidole, kuvuka ni tano na mkwaju ni moja, basi wao sita, nyinyi tano.

Mlikuwa mmerudi tena mlangoni kwao, karibu kabisa, pale niliposikia magari ya farasi. Mkuu wako alikuwa amefika na wageni. Nadhani walikuta jukwaa lina majembe tu, wakasikia kelele za uwanjani wakataka kuona. Alishuka kabla farasi hawajasimama, akaja hadi kwenye mstari, kofia mkononi. Sauti aliyoitoa ni ile ya mimbarini. "Leander Gaines! Nakuamuru utoke uwanjani, wewe na wenzako!"

Filimbi ikalia. Yule mwamuzi mfupi, wamenieleza ni kinyozi wa Montgomery, alikuja mbio akauliza huyu mzee ni wa upande gani. Watu wakajibu, ni wa Tirza, ndiye mkuu wao. Kinyozi hakumtazama hata mavazi. Akauchukua mpira akahesabu hatua akiwarudisha nyuma, mtu baada ya mtu mkirudi, kisha akamrudia Mkuu wako. Akasema, hakupaza sauti, "Mzee, kaa chini. Hapa anayesema ni nahodha."

Leander, uwanja mzima ulimgeukia. Mwanamume yule hajaambiwa akae chini na mtu mweusi tangu mimi sijazaliwa. Alitazama huku na huku, na nafasi pekee iliyokuwa wazi ni kwenye benchi langu. Akakaa. Alikuwa anahema. Akanitazama kofia, akanijua kwa pua. "Binti Gaines," akasema, "ndoo yako iko wapi?" Nikamwambia nimeiacha nyumbani, Mwalimu, leo ni sikukuu.

Nilimwonea huruma, nakwambia kweli. Hata hivyo sikusogea kumwongezea nafasi.

Mgeni mmoja mwenye ndevu nyeupe akaja akaniinamia, akauliza kama vijana wataimba wakimaliza. Nikamjibu kwamba majembe yako kanisani, na akiwahi anaweza kuanza yeye. Kisha nikasikia honi ya treni, nikakimbia nimeshika kofia.

Niambie ilikwishaje. Niambie na lile jingine.

Dada yako,
Z.

*

Mlima Tirza
1 Desemba 1909

Dada,

Tulishindwa. Sita kwa tano.

Kutoka pale alipoturudisha kinyozi tulisukuma tena. Niliwaambia wenzangu wasitazame benchi, watazame kiuno cha mtu aliye mbele. Tulifika tena, dada, Amzi aliangukia karibu na mstari kiasi kwamba angenyoosha mkono angeugusa. Filimbi ya mwisho ikalia mpira uko chini yake. Nahodha wa Bethabara alinishika mkono akaniambia, "Magodoro, leo mmetunyima usingizi." Yadi zile kumi na tano ndizo tulizokosa. Kila mtu anajua, naye Mwalimu Mkuu anajua, maana hajazitaja hata mara moja.

Wageni walikula chakula cha jioni wakaondoka. Bweni litaezekwa, inasemekana. Yule mwenye ndevu alisema tumemkumbusha ujana wake. Hakuuliza majina yetu.

Sasa lile jingine. Wote kumi na mmoja tuliitwa. Kumi wataruhusiwa kubaki wakitia sahihi kwamba waliongozwa vibaya. Walikataa kwa pamoja, Amzi akakataa mara mbili. Usiku ule niliwaambia watie sahihi. Nahodha ndiye mwenye sauti, na kweli niliwaongoza, hilo si uongo. Walitia, Amzi akalia kama mtoto.

Kwangu mimi karatasi haitoshi. Jumapili ya tarehe kumi na mbili nisimame kanisani mbele ya chuo kizima, niseme nilipotoshwa na kiburi, na niombe radhi kwa Mwalimu Mkuu kwa kumwaibisha mbele ya wageni. Nikisema, Mei napata cheti kama kawaida, na ameahidi kuiandikia kaunti kwa mkono wake mwenyewe kunisifu. Nisiposema, jioni hiyohiyo naondoka.

Ningekuwa peke yangu ningekwisha kufunga sanduku. Lakini cheti hiki si changu peke yangu. Ni mgongo wako. Ni watoto wa Sardis. Sina haki ya kuwa jasiri kwa mashati uliyopiga pasi wewe. Kwa hiyo nakuachia. Ukisema niombe, nitasimama niombe, nitayasema maneno yote kama alivyoyaandika, na sitakulaumu maisha yangu yote. Hili nakuapia kwa mama.

Ninangoja.
Leander

*

Sardis
7 Desemba 1909

Mdogo wangu Leander,

Barua yako ilifika Ijumaa. Jumamosi nilikuandikia jibu. Nilikuambia uombe radhi. Ilikuwa barua nzuri, ina busara, ina Ruthie, ina kaunti, ina hata maandiko matakatifu mawili. Niliifunga. Jumapili nikaenda nayo kanisani ili nimpe mtu wa posta njiani, nikarudi nayo. Jana nimeitia jikoni, imechemsha maji ya nguo za Bibi Prewitt.

Usiombe.

Nimelia sana, na sijamaliza. Nakitaka cheti kile kuliko ulivyowahi kukitaka wewe, na sitajifanya hakina maana. Kina maana. Shemasi Upshaw amenieleza wazi kwamba kaunti haitakulipa senti bila hicho, na sura yake ilikuwa ya mtu aliyefiwa. Tumepoteza kitu kikubwa, usikubali mtu akuambie ni kidogo. Lakini nilijaribu kukuona umesimama pale mbele ukisema kiburi kimekupotosha, na mimi nilikuwa kwenye benchi. Niliona kwa macho yangu. Aliyevuka mstari si wewe. Kama kuna wa kuomba radhi katika kanisa lile, aanze mwenye yadi kumi na tano, awaombe Amzi na wenzake. Akimaliza, ndipo tuzungumze.

Tena nilimwambia Shemasi kwamba chumba changu cha kupigia pasi kina meza ndefu, kina joto, na hakihitaji ruhusa ya kaunti. Watoto wanaweza kukaa sakafuni wakati mimi napiga pasi. Mchana utakwenda kiwanda cha mbao, wanaandika watu, na jioni utafundisha. Hutavaa tai. Shemasi akauliza kama waanze kuja Jumatatu. Nikamwambia Jumanne, Jumatatu ni siku ya kufua.

Kwa hiyo tarehe kumi na mbili usikae umngoje akuite. Panda treni ya asubuhi. Waage wenzako, mshukuru Bwana Tolliver kwa misumari, na umwendee Mwalimu Mkuu ofisini kwake umuage kwa heshima zote, kofia mkononi, kwa sababu alikufundisha na hilo halifutiki. Usimjibu vibaya. Akikusihi, msikilize hadi mwisho, kisha sema hapana.

Atakuuliza ni nani aliyekushauri upumbavu huu. Usimwambie ni dada yako, wala usimwambie ni mfuaji wa Sardis. Mtajie jina langu lote, polepole, aliandike.

Zipporah Ann Gaines